Shoka kuukuu linakuzingua? Tuanze na dalili, afu tutafute chanzo

Kitu kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni kwamba shoka kuukuu mara nyingi haliumwi na uzee, linaumwa na matibabu. Chuma chenyewe kinaweza kulala miaka 60 kwenye banda linalovuja na kikatoka na kutu ya juu juu tu, lakini mtu mmoja mwenye grainda na haraka anakimaliza kwa dakika 3. Ndo maana nikiletewa shoka la mtumba lenye shida siulizi kwanza lina umri gani, nauliza nani alilishika mwisho na alilifanya nini. Misumari iliyopigiliwa juu ya mpini, rangi mpya nzito, makali yenye rangi ya bluu, harufu ya kuungua ndani ya tundu, hayo yote ni cheti cha hospitali cha yule aliyepita kabla yako, na ukijifunza kukisoma nusu ya kazi imeisha.

Nimepanga kwa dalili maana ndivyo unavyokutana nayo. Ruka hadi kwenye shida yako, ila hii ya kwanza usiiruke hata kama shoka lako linang'aa.

Unahisi kuna ufa

Ufa unapenda kujificha kwenye kuta za tundu, zile mbavu mbili nyembamba zinazoushika mpini, hasa pale zinapoungana na kisogo, yaani mgongo wa kichwa usio na makali. Chanzo chake karibu kila mara ni kilekile: mtu kalikwamisha shoka kwenye gogo afu kachukua nyundo kubwa akaanza kugonga kisogo, yaani shoka limegeuzwa kabari. Chanzo cha pili ni vile vikabari vya chuma vilivyopigwa kimoja juu ya kingine kila kichwa kilipolegea, mpaka tundu likatanuka na likachoka.

Kupima ni rahisi. Safisha kuta mpaka uone chuma, paka mafuta ya taa, subiri kama robo saa, futa mpaka pakauke kabisa, halafu pakaza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Njia nyingine ni kukining'iniza kichwa bila mpini kwa kamba ukakigonga na kitu cha chuma, kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa kama chungu kilichopasuka. Ila mlio peke yake usiuamini sana, kutu nyingi au kipande cha mbao kilichobaki ndani ya tundu nacho kinaua sauti.

Dawa ya ufa kwenye tundu? Hamna. Najua kuna fundi atakwambia anachomelea, na kweli atachomelea na patapendeza, lakini wewe hujui ni chuma cha aina gani na joto la kuchomelea linaacha sehemu dhaifu pembeni ya kiungio, kwa hiyo ufa unazaliwa upya sentimita moja kutoka ulipokuwa. Kichwa cha kilo moja na nusu kikipasuka katikati ya kupiga hakichagui pa kwenda. Litundike ukutani, maisha yaendelee.

Na kama bado hujanunua, ogopa rangi nene. Chini ya rangi kunaweza kuwa na pati, ule ujiuji wa kuzibia mashimo, na chini ya pati ndo kuna sababu ya pati. Afu rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, kwa hiyo usizipige msasa zikiwa kavu ukavuta lile vumbi, tumia dawa ya kutolea rangi au zikwangue zikiwa zimelowa, na yale magamba uyakusanye.

Kutu

Hapa watu wanahangaika kuliko inavyostahili. Kutu ikiwa ya kahawia laini isiyo na magamba, brashi ya waya, steelwool na mafuta kidogo vinatosha, na ukikuta chini yake weusi wa kijivu uliotulia uache hapohapo, ule ni ngozi ya shoka, unalinda chuma na ndo unaoonyesha umri wake. Ukiufuta mpaka chuma king'ae kama sufuria umeua nusu ya uzuri kwa mtu anayekusanya, na kutu mpya itakuja haraka zaidi.

Kutu ya magamba ipeleke kwenye siki ya kawaida. Zamisha kichwa kizima bila mpini, kiache usiku mmoja, asubuhi kisugue uone. Usikisahau siku tatu! Siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma, unatoa kichwa cha kijivu chenye ngozi ya mkaa. Ukikitoa kisuuze kwenye maji yenye bekingi soda kuua ile asidi, kikaushe kwa joto, kipake mafuta papo hapo. Wengi wanalalamika "nimetoa kwenye siki ndani ya dakika 10 kikageuka rangi ya chungwa", hiyo siyo siki mbovu, ni wewe ulienda kunywa chai kabla ya kukikausha.

Siki ina faida moja ambayo wengi hawaijui. Inachora mpaka. Ukikisuuza utaona karibu na makali pana rangi tofauti na mwili wote, mara nyingi nyeusi zaidi, na hapo ndipo chuma kilipotiwa ugumu. Mpaka ukiwa sentimita kadhaa kutoka kwenye makali, shoka lina maisha. Ukiwa umebaki milimita chache au haupo kabisa, shikilia hiyo habari, tutairudia kwenye makali.

Kuna njia ya umeme pia na mi naipenda kwa vichwa vilivyooza sana: ndoo ya plastiki, maji yenye magadi ya kufulia kidogo, chaja ya betri ya gari ya volti 12, waya hasi kwenye shoka na waya chanya kwenye kipande cha chuma kibovu ambacho hakigusi shoka. Chuma hicho kisiwe kile kisichoshika kutu, maana kina kromiamu na maji yatageuka sumu ya kweli. Fanyia nje kwa sababu inatoa haidrojeni, na zima kabla hujaingiza mkono. Ukibadilisha nyaya kimakosa shoka lako ndo litaliwa, kwa hiyo angalia mara mbili.

Vile vishimo vinavyobaki baada ya kutu? Kwenye mashavu, zile pande mbili pana za kichwa, havina neno, viache. Kwenye makali yenyewe vina neno, kila kishimo kitakachofika kwenye ncha kitakuwa pengo.

Kipande cha mpini kimegoma kutoka tunduni

Usikichome moto. Narudia kwa sababu hii ndo njia inayoua mashoka mengi mazuri: mtu anaona mbao imekwama anatupa kichwa kizima jikoni, mbao inaungua kweli, lakini ugumu wa makali unaondoka nao. Shoka linatoka kama kipande cha nondo.

Kata mpini usawa wa chini wa kichwa kwa msumeno, kiweke kichwa juu ya vipande viwili vya mbao au kwenye jiliwa lililofunguliwa kiasi, halafu gonga kile kipande kuanzia chini kwenda juu. Juu ndiko tundu lilikopanuliwa na kabari, kwa hiyo ukigonga kuelekea chini unazidi kukikaza na baadaye utasema chuma kimeota mizizi. Kikigoma toboa mashimo kadhaa kwa drili upunguze mbao, afu gonga tena. Drili ikigonga kitu na kulia kama inang'oa jino, umekutana na msumari au kabari ya chuma ya yule bwana wa zamani, chimba mbao pembeni yake kwa patasi ya bei rahisi na uuvute kwa koleo.

Kichwa kinacheza

Hii ndo dalili namba moja, na ndo yenye matibabu mabaya kuliko zote, lile la ndoo ya maji. Unaloweka usiku, asubuhi kichwa kimekaza kabisa, unafurahi. Kinachotokea ndani ni hiki: mbao imevimba lakini chuma hakisogei, kwa hiyo nyuzi za mbao zinajiponda zenyewe kwenye ukuta wa tundu. Ikikauka inasinyaa na kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa jana. Unaloweka tena, inapondeka tena. Nilikuwa na shoka ambalo nililowesha hivyo msimu mzima mpaka siku moja kichwa kikatoka hewani na kutua nyuma yangu kwenye majani, tangu siku hiyo ndoo na shoka kwangu ni mbingu na ardhi.

Tafuta chanzo kwanza. Shika kichwa, tikisa, uangalie kinacheza vipi.

Kikiwa kinapanda na kushuka kwenye mpini, kabari imelegea au mpini umesinyaa. Jaribu hivi kabla ya lolote: ning'iniza shoka hewani kichwa kikiwa chini, mkono mmoja umeshika mpini, mkono mwingine unagonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Kichwa kitapanda chenyewe kwenye mpini. Mara ya kwanza kuona unaweza kudhani ni mazingaombwe, kumbe ni uzito tu, mpini unasukumwa chini, kichwa kizito kinabaki pale pale. Kikishapanda gonga kabari iingie tena, na kama imeshafika mwisho itoe uweke nyingine nene zaidi. Halafu loweka ncha ya juu ya mpini kwenye mafuta ya kitani, siyo maji, mafuta yanaingia kwenye nyuzi na hayapotei hewani kama maji, na yakikaa ndani yanaizuia mbao isinywe na kutema unyevu kila hali ya hewa ikibadilika.

Kikiwa kinatikisika mbele na nyuma kama jino, kabari haina kosa, mpini ulichongwa vibaya. Unagusa tundu juu tu au chini tu na katikati kuna hewa. Hapo hata ukiweka kabari ya dhahabu haisaidii. Toa kichwa, paka masizi au penseli nzito ndani ya tundu, kiingize kwenye mpini kwa kugonga, kitoe tena, na kila palipopata weusi ndipo panapobana. Chonga pale tu, kidogo kidogo, rudia. Ni kazi ya kuchosha, unaweza kurudia mara 10 au 15, na ndo tofauti yote kati ya mpini uliokaa na mpini ulioingizwa. Kabla hujaanza pitisha kidole ndani ya tundu, ukikuta kingo zenye meno zipige tupa kidogo zilainike maana zinakata mbao taratibu kila unapopiga.

Kikilegea mwezi mmoja baada ya kazi nzuri kabisa, mti ulikuwa mbichi. Hakuna ufundi unaoshinda mti mbichi. Mpini wa kununua nao unaweza kuwa mbichi usidanganyike na vanishi, uweke mahali pakavu wiki kadhaa, upime uzito kila wiki, ukiacha kupungua ndo uuchonge.

Na hili la mkato wa kabari. Ule mkato wa msumeno kwenye kichwa cha mpini uingie kama theluthi mbili ya kina cha tundu. Ukiwa mfupi kabari inagota kabla haijapanua chochote, inaonekana imeingia lakini haifanyi kazi. Mpini pia utokeze juu ya tundu kama milimita 5, hiyo sehemu inayotokeza ikipanuka inakuwa kofia inayozuia kichwa kuruka. Watu wanaopenda unadhifu wanaisawazisha na chuma, inapendeza kwenye picha.

Misumari usiweke. Inapasua mbao kwenye mstari wa nyuzi, na yule atakayelinunua baada yako atakutaja kwa ubaya.

Makali hayakai

Hapa tofautisha mawili kwanza: makali yanakunjika au yanameguka? Angalia kwa lenzi au piga kucha taratibu. Yakikunjika unaona ukingo umelala upande mmoja. Yakimeguka unaona vipengo vidogo kama meno ya msumeno.

Kabla hujakilaumu chuma laumu pembe. Makali membamba mno yanakunjika kwenye chuma laini na kumeguka kwenye chuma kigumu, kwa hiyo dalili zote mbili zinaweza kuwa na chanzo kimoja. Kwa shoka la kukatia pembe nzima kati ya digrii 25 na 30 ni sawa, la kupasulia kuni linaweza kwenda mpaka 35. Huna kipimo? Chukua kona ya karatasi, ikunje igawanyike sehemu tatu sawa kwa sawa, kila sehemu ni digrii 30. Kata kitundu cha umbo hilo kwenye kadibodi ukishikize kwenye makali uone mwanga unapita wapi. Noa kwa pembe hiyo, fanya kazi siku moja, na kama shida imeisha hukuwa na chuma kibovu, ulikuwa na wembe.

Shida ikibaki, sasa pima ugumu kwa tupa mpya. Gusa makali katika sehemu tatu, kisigino (kona ya makali iliyo upande wa mpini), katikati na pua (kona ya upande wa juu), halafu gusa tena kwenye shavu sentimita 4 nyuma. Kwenye makali mazima tupa inakula kwa shingo upande, unahisi inateleza kidogo. Kwenye shavu inakula vizuri zaidi. Ndivyo inavyotakiwa, makali magumu na mwili laini unaofyonza mshtuko. Sasa soma majibu:

Tupa ikila makali kama sabuni sehemu moja tu, tuseme kwenye pua, na kwingine kote ni kugumu, hapo grainda imepita. Chuma kikipashwa kinabadilika rangi, kuanzia kama digrii 220 za Selsiasi kinakuwa cha majani makavu, kikifika karibu 300 kinakuwa cha bluu, na kwa shoka bluu ni msiba. Rangi yenyewe unaweza usiione kwa sababu mtu kaifuta na msasa, ndo maana naamini tupa kuliko macho. Dawa yake ni kurudisha makali nyuma kwa tupa ya mkono mpaka ukute chuma kigumu, mara nyingi milimita 2 au 3 zinatosha.

Tupa ikila kila mahali sawasawa, makali na mashavu, kuna mawili. Ama shoka lilichomwa moto, na hapo chungulia ndani ya tundu kama kuna mkaa na angalia kama mwili wote una magamba ya kijivu ya kufanana. Ama chuma kigumu kimeisha. Mashoka mengi ya zamani sana mwili wake ni chuma laini na makali ni kipande cha chuma cha pua (yaani chuma kigumu, siyo ile pua ya shoka) kilichoungwa kwa moto wa mhunzi, kwa hiyo baada ya miongo ya kunolewa kile kipande kinakwisha na unabaki unanoa mwili. Ule mpaka wa siki ndo unakupa jibu. Kilichochomwa moto mhunzi anaweza kukirudishia ugumu, atakipasha mpaka sumaku iache kukishika, kama digrii 770, akizamishe, afu akipashe tena kidogo kupunguza ukavu, yaani ile hali ya kumeguka upesi, na kuna uwezekano kikapasuka mkononi mwake kwa sababu hata yeye hajui ni chuma gani. Kilichoisha kimeisha.

Tupa ikiteleza kabisa kama kwenye kioo na makali yanameguka kila siku, chuma ni kikavu mno. Ongeza pembe kwanza. Na siku za baridi kali pasha kichwa kwa mikono au kiweke ndani kabla ya kazi, chuma cha baridi kinameguka upesi. Ila kwa uzoefu wangu pengo kubwa la pembe tatu lina chanzo kimoja tu, jiwe au msumari, na aliyefanya hivyo huwa anakataa.

Namna ya kunoa nisiirefushe. Tupa inakata ikienda mbele tu, inue ukirudi. Ipake chaki isizibe. Vaa glavu nene maana unasukuma mkono kuelekea kwenye makali. Rekebisha umbo kwanza, pembe baadaye: kama pua imeliwa kuliko kisigino (karibu zote huwa hivyo, pua ndo inayokutana na udongo) chora mstari wa umbo unalotaka kwa kalamu ya wino mzito, kata mpaka kwenye mstari makali yakiwa butu kabisa, afu ndo uanze kuweka pembe pande zote mbili. Ukisikia kiuzi cha chuma kinakwaruza kidole upande wa pili, hamia kwenye kinoo, cha mkwaruzo mkubwa halafu kilaini, malizia kwenye ngozi. Grainda ukiishika basi mkono usiwe na glavu, ukishindwa kuvumilia joto kwenye vidole chovya kwenye maji, na ukisubiri mpaka uone rangi umechelewa.

Ni kali lakini halikati

Linanyoa nywele za mkono lakini kwenye gogo ama linadunda ama linakwama. Kudunda maana yake nyama ya nyuma ya makali imekuwa nene. Miaka yote watu wamenoa ncha tu, ncha ikarudi nyuma ikafika kwenye unene wa shavu. Punguza kwa tupa kuanzia sentimita 5 hivi nyuma ya makali, kwa umbo la kipepeo cha mkono, katikati ukiacha pawe na unene kiasi. Jiandae kwa jioni mbili tatu.

Kukwama ni kinyume chake, mashavu yamelazwa yakawa bapa. Mashoka mengi mazuri ya zamani mashavu yake yamebinuka kidogo katikati, yakiingia kwenye mti yanagusa pale tu, ni rahisi kuyachomoa. Akija mtu na mashine ya msasa akayasawazisha ili yang'ae, shavu zima linabana mti. Hii hairekebishiki, chuma kilichoondoka hakirudi, utaishi nalo kama shoka la kuchongea.

Kisogo kimechanua kama uyoga

Kata zile kingo zilizojikunja kwa tupa mpaka zilingane na mwili, vaa miwani, maana hizo ndo zinaruka kama risasi mtu akigonga tena. Afu rudi kule kwenye ufa ukapime tundu upya.

Linavuta pembeni unapopiga

Lisimamishe mezani likigusa kwa makali na kitako cha mpini, uangalie kwa mbele na mstari wa makali uwe sawa na mstari wa mpini. Likilala upande, chanzo ni mpini uliochongwa zaidi upande mmoja, au mpini umepinda, au tundu lenyewe lilitobolewa kombo tangu kiwandani, mbona yapo mengi tu na yamefanya kazi miaka. Kwa tundu kombo unachonga mpini kombo upande wa pili.

Mpini ukivunjika mara kwa mara chini ya kichwa, ama unapitiliza ukipiga na mti unapokelewa na mpini, ama nyuzi za mti zinakatisha. Watu wanaangalia sana kitako kuona mistari ya mti imesimama sambamba na makali, ni vizuri, ila mi naona la muhimu zaidi ni nyuzi zikimbie kutoka kichwani mpaka kitakoni bila kutokea ubavuni. Zikitokea ubavuni patavunjikia hapohapo, hata uwe wa hikori, mti unaosifika kwa mipini, wa daraja la kwanza. Na mpini unaokuchubua viganja una vanishi, ikwangue kwa kipande cha kioo.

Chapa haisomeki

Usipige msasa kuitafuta! Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni karibu kabisa na chuma, au weka karatasi uisugue na penseli. Chaki nayo inajaa kwenye herufi.

Ukiisoma isikuchanganye. Mfano Collins, watengeneza mashoka walioanza 1826 kule Connecticut, Marekani, kiwanda kilikuwa Collinsville lakini chuma kimeandikwa Hartford, na mengi yana neno LEGITIMUS na mkono ulioshika nyundo ukitokea kwenye taji. Kiwanda kilifungwa 1966. Kelly, kampuni nyingine ya mashoka ya huko huko, ilinunuliwa na American Fork & Hoe mwaka 1930, na kampuni hiyo baadaye ikaja kuitwa True Temper, kwa hiyo kichwa chenye majina ya Kelly na True Temper pamoja siyo cha babu wa babu yako kama muuzaji anavyosema. Hults Bruk ya Sweden imekuwepo tangu 1697, lakini hiyo haina maana kila shoka lao ni la karne ile, jamani.

Namba pia zinasema. Kichwa kilichopigwa 3½ ni paundi, kama kilo 1.6. Kipime leo kwenye mizani. Kikiwa kimebaki kilo 1.3 basi gramu 300 zimeliwa na kunoa, na sasa unajua maswali ya kuuliza kuhusu makali.

Mpini unanata wiki mbili baada ya kupaka mafuta

Ulipaka mengi. Mafuta ya kitani yanakauka kwa kukutana na hewa, ukiyamwaga yanatengeneza ngozi juu na chini yanabaki kama asali. Sugua kwa kitambaa chenye tapentaini mpaka unato uishe, acha mpini siku mbili, afu paka upya tone kwa tone na kila baada ya dakika 20 ufute kilichobaki juu. Kama ni mafuta mabichi yasiyochemshwa yanaweza kuchukua wiki nyingi kukauka, subira tu.

Na vile vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Mafuta haya yakikauka yanatoa joto, kitambaa kilichokunjwa kinalibana, na kinaweza kuwaka chenyewe usiku bila kiberiti wala cheche. Vianike nje kimoja kimoja vikiwa vimetandazwa mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye maji. Hapo sasa ndo ile ndoo ina kazi.